"Until" na "by": maneno mawili yaliyookoa mguu wa baba yangu

Wakuu, salamu kutoka Masisi. Nimepita miaka themanini, sina faida ya kuwadanganya.

Naona humu wengi mnachanganya "by" na "until". Mimi niliyatenganisha kwa mgongo wangu.

Miaka ya hamsini, kwetu Muheto, nilikuwa binti wa miaka kumi na saba. Nilifua nguo kwa wamisionari Waingereza, Kiingereza nikakiokotea palepale kwenye beseni.

Papa, yaani baba yangu, akaangushwa na ng'ombe, mguu ukavunjika. Daktari wa misioni akamfunga plata, ile bandeji inayokauka kama jiwe, akaandika kikaratasi: "Keep it on until Easter."

Kisha akaenda Walikale, akisema atarudi "by Easter".

Pasaka ikiwa bado wiki tatu, akaja kapita, msimamizi wa kazi za barabara. Alitafuta wanaume wa kuvunja mawe kwa lazima, na Papa alimtaka pia. Alikuja na muuguzi wa dispansari, makasi mkononi.

Muuguzi alijua Kifaransa. Kiingereza alibahatisha tu.

Akasoma, akasema, "Iko wazi. Plata itoke mbele ya Pasaka, hata leo."

Nikaziba mlango, nikamwambia muuguzi: "Hapana, Papa muganga. Hiyo ingekuwa 'by'. Hapa iko 'until'. Plata inabakia mpaka Pasaka yenyewe."

Kapita akacheka. "Mutoto mwanamuke njo atatufundisha Kizungu?"

Nikajibu, "Njo mimi, ndiye mimi. Na kama munataka kukata, muanze na muguu wangu."

Msidhani sikuogopa. Papa mwenyewe alinisihi ninyamaze. Sikunyamaza.

Kapita akasema, "Basi utavunja mawe wewe."

Nikaenda. Viganja vilichubuka, vikatoka damu, vikawa vigumu.

Sasa sikieni. "Until" ni hali inayoendelea bila kukatika mpaka siku fulani: I broke stones until Easter.

"By" ni mwisho wa kutimiza jambo, hata ukiwahi ni sawa. Daktari alirudi siku nne kabla ya Pasaka. Hakuvunja ahadi.

Alikisoma kikaratasi mbele ya kapita, akakubali kwa kichwa: "Huyu binti amesoma sawa."

Plata ilitoka Pasaka. Papa alichunga ng'ombe kwa mguu ule mpaka uzeeni.

Muuguzi akaja kuomba nimfundishe, nikamfundisha. Kapita hakuomba msamaha. Mimi pia sikuomba.

Wakuu, cheo hakimfanyi mtu ajue kusoma. Karatasi ikiwa yako, isome mwenyewe, na ukijua uko sawa, usishushe sauti.

Anayebisha alete mfano wake hapa. Macho yangu bado yanasoma.