Sista Bronisława, Aliyemfukuza Mtani Msibani

Alizaliwa tarehe 11 Novemba 1961 katika kijiji kidogo cha wakulima wa viazi, chini ya milima ya kusini mwa Poland, akiwa mtoto wa nne wa seremala na mshona nguo, akabatizwa Bronisława. Watu wa Ruaruke walishindwa na jina hilo tangu siku ya kwanza, wakamwita Sista Bronia, naye akaitika. Aliwahi kusimulia kwamba kwao mtu akifa, vioo vilifunikwa vitambaa, saa ya ukutani ikasimamishwa, na watoto wakaambiwa watembee bila viatu. Baba yake alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa, paka alipanda juu ya jeneza, mtoto akacheka. Shangazi yake alimzaba kofi mbele ya padri. Kofi hilo alisafiri nalo hadi kwetu, na ndilo lililomletea jaribu kubwa kuliko yote ya maisha yake.

Aliingia utawani akiwa na miaka kumi na tisa, akasomea ukunga, na mwaka 1994 wakubwa wake walimtuma Tanzania. Baada ya miezi sita ya kujifunza Kiswahili alipelekwa Ruaruke, kwenye zahanati ya misheni yenye vyumba viwili na mtungi mmoja wa maji. Wakristo tulikuwa familia tano tu, watumishi tuliohamishiwa huko kutoka bara. Wengine wote walikuwa Waislamu, wakulima wa mpunga na korosho, na wake zao ndio waliojifungulia mikononi mwake. Mzee Mfaume, mkulima mwenye mguu uliopinda, ndiye aliyempa kiwanja cha bustani na kumletea kuku siku ya kwanza. Mwezi mmoja haujaisha akamkuta kuku yule anatembea uani, ana jina la Zofia na bakuli lake la maji. Mzee alishika kiuno. “Sista, nimekuletea kitoweo, hukuletewa jirani!”

Yeye naye hakuacha kushtuka. Alishtuka kuona mtu anapiga hodi, anakaribishwa, anakaa nusu saa bila kusema shida yake. Alishtuka kuona mgonjwa mmoja amesindikizwa na watu kumi na wawili. Lakini siku moja yeye ndiye aliyemshtua Shehe Mwinyimvua, imamu wa kijiji. Shehe alikuwa ametawadha kwa ajili ya sala ya adhuhuri, Sista akamkimbilia, miwani ikimrukaruka puani, akamshika mkono kwa furaha. Shehe akarudi kwenye ndoo, kwa kuwa akiguswa na mwanamke asiye ndugu yake udhu wake umetenguka. Sista akadhani salamu yake haikutosha, akamsubiri, akamshika tena kwa mikono miwili. Mara ya tatu Shehe alipita nyuma ya msikiti, akamkuta amemzungukia huko. “Sista,” alisema, “salamu zako nimezipokea mpaka za mwakani. Maji yamekwisha, niache nikasali.” Alipoeleweshwa aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu, na jioni alimpelekea ndoo tatu za maji alizozibeba mwenyewe.

Mwaka 1996, mwezi wa Juni, Mzee Mfaume alifariki. Sista alilia kama mtoto wake wa kumzaa. Alikaa na wanawake chini kwenye mkeka, karibu na mjane, Mwanawetu, ambaye tangu jana yake hakuwa ametia kitu mdomoni. Ndipo alipoingia Tatu binti Ridhiwani, mwuza mihogo wa Kibiti, ambaye ukoo wake na ukoo wa marehemu walikuwa watani tangu mababu. Alikuwa amevaa kofia ya marehemu, ameshika fimbo yake, anachechemea kama yeye. Akachungulia sufuria. “Wali gani huu? Mimi nimekufa, meno hayajafa! Na huyo Mwanawetu analia nini, jana si alininyima chai?” Kisha akajilaza kizingitini, akasema maiti haitoki mpaka apewe kuku. Wanawake walianza kucheka. Mwanawetu mwenyewe, machozi yakimtiririka, aliinua uso, akafungua mdomo kucheka.

Sista Bronisława alisimama. Alimvua Tatu kofia, akamshika mkono, akamvuta mpaka nje ya ua, akipiga kelele: “Huna haya! Mtu amekufa! Ondoka!” Tatu aliiweka fimbo chini taratibu, akafunga khanga yake vizuri, akaondoka, na watani wenzake wote wakamfuata. Jeneza lilitoka bila mtu wa kulizuia. Baada ya maziko Mwanawetu alisema maneno ambayo Sista aliyakariri hadi uzeeni: “Sista, mume wangu umemzika kama mtu aliyeokotwa njiani.”

Hakuna aliyemtukana, wala hakuna aliyempiga jiwe. Walimsalimia kama kawaida na kupita. Wiki ya kwanza hakuja mjamzito hata mmoja, wiki ya pili vilevile. Kila asubuhi alichemsha vifaa vyake, akatandika kitanda, akakaa mlangoni. Katika wiki ya tano Hajira, mke wa Fikirini, alipitishwa mbele ya zahanati juu ya kiti cha baiskeli akipelekwa Kibiti, uchungu ukiwa umekaza. Hawakufika hata kwenye mkorosho wa kona. Sista alikimbia na mkoba wake, akakuta wanawake wameshika khanga kuzunguka, na mama mkwe akamzuia kwa kiganja. “Tutamaliza wenyewe, Sista. Nenda kapumzike.” Alisimama hatua tano kutoka hapo, mkunga mwenye vyeti, akisikiliza. Mtoto alilia baada ya muda mrefu mno. Alikuwa hai, lakini Sista alirudi amekunja mikono kama mtu wa baridi, akapiga magoti kanisani mpaka jua likageuka.

Kutoka kanisani alikwenda moja kwa moja kwa Shehe Mwinyimvua, akasimama mbali ili asimguse. Shehe alicheka kwanza, kisha akamweleza. “Yule hakuja kumcheka Mfaume. Alikuja kumlisha mjane. Sisi wengine tunaokaa na huzuni tunaogopa kumwambia ale. Mtani haogopi. Na mtu asiyetaniwa msibani, watu watauliza, huyu hakuwa na wenyewe? Nenda kwa Tatu.”

Alikwenda kwa miguu hadi Kibiti. Alimkuta Tatu ameketi na rundo la mihogo, akapiga magoti barabarani mbele ya watu, akaomba msamaha. Tatu alisogeza mihogo yake pembeni. “Inuka, unanichafulia biashara. Pole ni ya mgonjwa, mimi si mgonjwa. Mimi ni mtani, umeniharibia kazi yangu. Arobaini ya mzee ni lini?”

“Jumamosi ijayo.”

“Basi kazi uliyoikatiza utaimaliza wewe.”

Siku ya arobaini, kisomo kilipokwisha na watu wanangojea chakula, mlangoni alitokea mtawa wa kizungu aliyevaa kofia ya marehemu juu ya shela yake, ameshika fimbo, anachechemea ingawa miguu yake ni mizima. Alichungulia sufuria, akasema kwa Kiswahili chake kilichovunjika: “Sista, nimekuletea kitoweo, hukuletewa jirani!” Chini ya kwapa lake alikuwa Zofia, kuku yule yule, aliyemkabidhi Mwanawetu. Mwanawetu alicheka mpaka akajilaza mkekani, akalia, akacheka tena, na watu wote naye. Tatu alipiga vigelegele. “Haya, umejikomboa! Sasa wewe ni mtani wangu, na ukifa maiti yako ni yangu.” Jumatatu, Hajira alimleta mtoto wake kupimwa uzito.

Miaka ishirini na saba iliyofuata alizalisha watoto ambao leo ni mama na baba. Tuliokuwa naye tunakumbuka mafuriko ambayo alimzalisha mwanamke juu ya dungu la kulindia mpunga, maji yakipita chini yao, na ndani ya saa hiyo nguzo hazikutikisika ingawa madungu ya jirani yote yalikwenda. Hatutangulii hukumu ya Kanisa, tunaeleza tulichokiona. Tatu alikuja kila Pasaka kukalia kiti cha Sista na kumwita mchawi wa viazi, naye kila Idi alikwenda Kibiti kumnyang’anya pilau.

Mwaka 2023 moyo wake ulichoka. Shirika liliandika kwamba mwili utarudishwa Poland. Alijibu kwa mstari mmoja: azikwe Ruaruke. Lakini Tatu mwenyewe alikuwa amepooza upande tangu mwaka uliotangulia, hatembei bila kushikwa, na mvua zilikuwa zimeikata barabara. Siku zake za mwisho Sista hakuuliza juu ya maumivu wala dawa. Aliuliza jambo moja tu: “Tatu atakuja?” Tulimpangusa uso, tukazungumza habari za mvua. Alifariki tarehe 19 Aprili, akiwa na miaka sitini na mmoja.

Masista walikuja kutoka mjini, wamevaa meupe, wamenyamaza. Ibada ilikwisha. Mwanawetu, sasa bibi kizee, aliomba wasubiri kidogo; padri aliangalia mawingu, akasema hapana. Jeneza lilinyanyuliwa kwa utulivu mkubwa, na utulivu huo ndio ulioturarua mioyo, kwa maana lilikuwa linatoka bila mtu wa kulizuia.

Bajaji iliyojaa matope ilisimama getini. Alishuka mtu aliyejifunga shuka jeupe kichwani, amevaa miwani isiyo na vioo. Alimwona Shehe Mwinyimvua, mzee sana, pembeni mwa ua, akamwendea kwa mwendo wa Sista wa haraka haraka, bila fimbo, bila wa kumshika, amenyoosha mikono yote miwili.

“Shehe! Habari za asubuhi!”

“Nina udhu!” alipiga kelele Shehe, akirudi nyuma. “Bronia, nina udhu!”

Tatu akageuka, akajilaza mbele ya jeneza kwenye matope. “Sitoki. Nataka kuku, na nataka awe na jina.”

Sista mmoja kijana kutoka mjini, amegeuka rangi kwa mshtuko, alimkimbilia na kumshika mkono amwinue. Mwanawetu alimshika yeye. “Mwache, mwanangu. Huyu hakuokotwa njiani.”

Wako wanaosema mwendo ule wa Tatu ni muujiza, kwa kuwa baada ya hapo alirudishwa kwenye bajaji kwa kubebwa. Daktari hajaulizwa. Tunachokijua ni kwamba swali la Sista lilijibiwa, na kwamba kicheko kilimsindikiza hadi kaburini. Sisi tulioachwa tunaweza kumwiga katika hili: alikosea mbele ya watu, akajirekebisha mbele ya watu, akakubali kuchekwa ili jirani yake apate kula. Kila tarehe 19 Aprili ibada haianzi mpaka mlango wa kanisa umezuiwa. Mwaka huu sista yule kijana hakungoja kuombwa. Alikuja na kuku mkononi, akapiga magoti kizingitini, akamwambia Tatu jina la kuku.