Nilichomwambia Nekesa Kabla ya Harusi

Nakumbuka mchana mmoja kwetu Kabuchai, mwanangu, ingawa ningefurahi kuusahau. Nekesa, binti wa kaka yangu, alikuwa anaolewa huko Kwanza, upande wa Kitale, na kwetu Wabukusu shangazi, tunayemwita senge, ndiye humkalisha bibi harusi chini akamwelekeza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita tu, najiona najua kila kitu.

Nilipomaliza maneno yangu ya heshima na mapishi, akaniambia kwa sauti ya chini, "Senge, kila mwezi hii tumbo inanikata mpaka nashindwa kusimama. Hata kwenda haja ni kulia."

Nikamjibu, "Hiyo itaisha ukizaa. Usiende kutuaibisha huko ati tumewapelekea mgonjwa."

Alinitii. Miaka minane alimeza dawa za maumivu za dukani na kupalilia mahindi amejikunja, wakwe wakimwita mvivu. Mtoto hakuja. Mume akaanza kushauriwa atafute mwingine, na hakuna aliyefikiria kwamba hata yeye angepimwa. Mimi nilikuwa nikienda kumtembelea, nanywa chai, narudi kwangu.

Siku moja alianguka wakipukuchua mahindi, tukamkimbiza hospitali Kitale. Baada ya vipimo na upasuaji, daktari alitueleza kuwa ni endometriosisi: nyama kama ile ya ndani ya mfuko wa uzazi ilikuwa imeota nje yake, ikagandanisha mirija na ovari. Alisema wengi wenye ugonjwa huo huzaa, ila Nekesa alikuwa amecheleweshwa mno. Nekesa hakulia. Alinigeukia tu.

"Senge, si nilikuambia."

Matibabu yalimpunguzia maumivu. Mtoto hakupata, na kila nikibeba wajukuu wangu mwenyewe naona haya.

Mwanangu, nimechoka, kwa hiyo nitasema bila kuzunguka. Maumivu ya mwezi yanayokulaza kitandani si ya kuvumilia. Nenda ukapimwe, na daktari akikupuuza, tafuta mwingine. Mtoto akikawia, nendeni nyote wawili, mke na mume, kabla ya mtu yeyote kulaumiwa. Na siku msichana atakapokuletea maumivu yake, mwamini kwanza, mengine yatafuata.

Mungu aulinde mwili wako, mwanangu, na akujalie shangazi mwenye masikio kuliko mimi.