Mgeni Asiyefagiliwa: Sabhagi na Mfereji wa Watengeneza Bangili

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, watu wa kichochoro wameshaswali na vyoo vimeanza kazi. Sabhagi Khatoon amepiga goti ukingoni mwa mfereji, anashusha ndoo kwa kamba taratibu, kama mtu achotaye maziwa na hataki yatoe povu.

Ndoo ya kwanza ni ya kusuuzia tu, anaimwaga. Ya pili ndiyo anayoitaka. Anajaza chupa, anakaza kifuniko, anaipangusa, anaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuilaza ndani ya kasha la barafu. Kutoka hapa chupa hiyo itasafiri mbali hadi maabara, na njiani haitakiwi kuonja joto.

"Maji ya saa hii ndiyo yenye habari," anasema kwa sauti iliyofunikwa na barakoa. "Watu wametoka kitandani, wameenda kule tunakokwenda wote. Ukichelewa unakuta maji ya kuoshea vyombo. Sabuni haina la kusema."

Muuza maziwa anapita na pikipiki yake, madebe yanagongana.

"Dada Sabhagi! Samaki wameuma leo?"

"Wameuma. Lete sufuria nikugawie."

Kijana wa watu anaongeza mwendo. Sabhagi hata kichwa hakuinua.

Hapa ni pembezoni mwa Hyderabad, Sindh, nchini Pakistan, katika kichochoro cha watengeneza bangili. Kila nyumba ina kijimoto cha gesi, na mbele ya kila kijimoto kuna mwanamke anayeunganisha ncha za bangili za kioo. Malipo ya siku hununua unga na majani ya chai. Mboga ni bahati. Vidole vya Sabhagi vina makovu ya moto huo. Alizaliwa hapa na kuunganisha bangili hapa, mpaka alipoajiriwa kuwadondoshea watoto matone ya polio, na baadaye kuchota sampuli za maji taka pia.

Anatafuta nini humo? Ukimuuliza hakupi jibu, anakutegea kitendawili.

"Anaingia kila nyumba, habishi hodi, na aliyemlaza hajui kama ana mgeni."

Huyo ni kirusi cha polio. Mtoto anaweza kukibeba tumboni wiki kadhaa huku anacheza gololi na kuiba sukari. Homa hana, kuchechemea hachechemei. Anakitoa chooni, choo kinakishusha mferejini. Mmoja tu kati ya watoto wengi ndiye hupooza, na siku anapopooza, mfereji ulishajua zamani.

Mwaka jana mfereji huu ulijua. Sampuli mbili mfululizo zilirudi na jibu baya.

Kwa Sabhagi hiyo haikuwa habari ya mtaa tu. Nyumba ya tatu kutoka mferejini ni ya kaka yake, Arbab, na ndani yake alikuwemo Rabail, mjukuu wa miezi minane, ambaye ulimi wake haukuwahi kuguswa na tone hata moja la chanjo. Baba wa mtoto anafanya kazi Karachi, na mama yake hasemi neno mbele ya baba mkwe.

Arbab ana miaka sitini na mguu wa kushoto mwembamba kama fimbo anayotembelea. Alipokuwa mdogo alishikwa na homa. Mama yao akampeleka kwa mchoma sindano wa mtaani, na kesho yake mtoto aliamka, mguu haukuamka. Tangu hapo Arbab ana kesi na kila anayebeba kisanduku cha dawa.

"Mguu wangu haukuchukuliwa na maji," huwaambia wanaomsihi. "Ulichukuliwa na watu wa afya, mama yangu akiwa amenishika mikono."

Madaktari wamemweleza kwamba homa ile ndiyo iliyokuwa polio yenyewe, kwamba sindano iliukuta ugonjwa umeshaingia. Yeye huwasikiliza kwa adabu, huwapa chai, kisha huwafungulia mlango watoke.

Hata dada yake hakupewa upendeleo. "Wewe ingia, nyumba yako hii," alikuwa akimwambia. "Huyo mwenzio wa bluu abaki nje." Mwenzie wa bluu ni kile kisanduku cha matone.

Kisha sampuli ya tatu ikarudi safi.

Arbab aligawa halua kichochoro kizima. "Umeona?" alimwambia Sabhagi, akimtilia kipande mkononi. "Mtaa wenyewe msafi kuliko sahani. Sasa tuachieni watoto wetu." Wiki hiyo hiyo wadondosha matone walipopita, hata milango iliyokuwa nusu wazi ilifungwa.

"Nilifurahi, halafu nikaanza kujiuliza," anakumbuka Sabhagi. "Kirusi hakiondoki kwa kuona haya. Kinaondoka watoto wakinywa matone, na hawa hawakunywa. Basi kimekwenda wapi?"

Jibu alilipata mwezi uliofuata, siku yake ya kuchota. Gari lilimfikisha mapema kuliko kawaida. Kabla hajauona mfereji, pua ilianza kumchoma. Alipokata kona alimkuta Hanifan, mke wa Arbab, ameinama na ndoo ya jiki, na nyuma yake majirani wawili wakisugua kuta za mfereji kwa fagio.

"Wifi, mnafanya nini?"

"Na wewe mbona umewahi hivyo? Hatujamaliza!"

"Hamjamaliza nini?"

"Kukusafishia!" Hanifan alinyoosha mgongo, akajifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Tulisikia maji yetu yanapelekwa kwa madaktari wakubwa. Tukaona aibu. Mtoto wa hapa hapa abebe uchafu wetu kwenye chupa, watu wamcheke? Mwezi uliopita tulichanga tukanunua dawa. Na jibu si ulileta mwenyewe, zuri hilo!"

Sabhagi anasema alitaka kukasirika, hasira isitoke. Utamfokeaje mtu aliyeamka kabla ya adhana kukufagilia njia? Katika nyumba zile mgeni hapokelewi kwenye kizingiti kichafu, hata akiwa mdai. Akakaa kwenye jiwe.

"Wifi, kitendawili."

"Saa hizi? Haya, tega."

"Mgeni gani ukimfagilia umejidhuru?"

Wanawake wakatazamana. "Mkwe mvivu," akasema mmoja, na fagio zikasimama kwa kicheko.

"Tabibu," akasema Sabhagi. "Anakuja kuutazama uso wako, wewe unajipaka poda na wanja. Ataonaje kama umepauka? Mimi ndiye mgeni huyo. Uchafu wenu ndio uso wenu kwangu. Jiki inakiua kile ninachokitafuta hapa mferejini, nikachota maji matupu. Matumboni mwa watoto haifiki."

Hanifan aliitazama ndoo yake. "Kwa hiyo mwezi uliopita..."

"Mwezi uliopita nilipeleka jiki maabara."

"Na Rabail?"

"Rabail yuko pale pale alipokuwa."

Hakuchota siku hiyo. Alimpigia simu msimamizi wake, Daktari Tehmina, akamweleza kila kitu, na kwamba lile jibu safi lisihesabiwe. Alijua anajitafutia nini. Mtaa ulioshiba halua ungesema binti yao wenyewe ndiye aliyewarudisha kwenye najisi.

Daktari akaagiza achote upya, siku ambayo haitatangazwa. Wanawake waliombwa jambo moja tu: wauache mfereji kama ulivyo. Hanifan alilichukulia kama amri ya jeshi. Kila alfajiri alikaa mlangoni na mwiko mkononi, akimfukuza yeyote aliyetokea na beseni la sabuni. "Rudi nalo! Unataka kumwua nani?"

Baada ya wiki kadhaa jibu lilikuja. Kirusi kilikuwepo.

Kelele zilizotarajiwa zikaja. Wanaume wawili walisema watafunika mfereji kwa zege, kazi ihamie mtaa mwingine. "Funikeni," Sabhagi aliwajibu. "Mimi nitatoboa. Nina kamba ndefu na mkataba wa miaka miwili." Kisha akakiacha kisanduku cha bluu kizingitini, akaingia kwa kaka yake na kumkuta anafunga bangili dazeni dazeni.

"Nyumba ya nani?" Arbab aliuliza. "Taja."

"Maji hayataji jina, kaka."

"Basi hayajui kitu."

"Yanajua kuna mtoto wa humu humu amekibeba, tena huenda anacheza na Rabail. Ana miguu yote miwili huyo mtoto. Kama wewe, wiki ile kabla ya homa. Ulikuwa unakimbiza tiara juu ya mapaa, mama anakutukana. Hakuna aliyekuwa amekuchoma sindano bado."

Arbab alifunga dazeni nyingine. Aliyesema ni Hanifan, kutoka kwenye kijimoto chake, bila kugeuka.

"Mama yako alikushika mikono kwa sababu hakuwa na wa kumwambia ukweli. Wewe dada unaye."

Majirani wanasema hawakuwahi kumsikia akimkata mumewe kauli. Mwenyewe anasema aliwahi, ila kwa sauti ndogo.

"Ni sindano?" Arbab aliuliza mwishowe.

"Matone. Mawili tu. Mdomoni."

"Nidondoshee mimi kwanza."

"Kaka, una miaka sitini!"

"Na ulimi ninao."

Akafumbua mdomo kama kifaranga. Sabhagi akakileta kisanduku, akadondosha. Mzee akakunja uso, "Uchungu uchungu hivi," kisha akanyoosha mguu wake mzima mbele yake na kuukazia macho. Chai ikatengwa, ikanywewa, vikombe vikaondolewa. Mguu ulikuwa bado mguu.

"Mleteni," akasema. "Nitamshika mimi."

Rabail alilia, akameza, akapakwa wino wa alama ya chanjo kwenye kidole cha mwisho, akataka kuunyonya.

Amekwisha kunywa matone mara kadhaa tangu hapo, na nyumba nyingi za kichochoro zimemfuata. Si zote. Arbab mwenyewe, akija mtoa matone asiyemjua, bado humwambia asubiri nje mpaka dada yake apigiwe simu. Sabhagi hulalamika kwamba kaka amemgeuza kuwa ufunguo wa mlango, lakini simu anaipokea.

Sampuli ya mwezi uliopita ilirudi safi, na safari hii hakukuwa na jiki. Hakuna aliyegawa halua. Jibu moja halitoshi. Panahitajika majibu safi mfululizo, mwezi juu ya mwezi, ndipo mtu athubutu kusema kimeondoka.

Wakati huo huo amewaomba wakubwa wake wamruhusu kuchota mahali pa pili, kule mfereji huu unakoingia kwenye mfereji mkubwa wa umwagiliaji. Jua la Mei likikaza, wavulana wa mitaa yote hurukia humo kuogelea, na maji huwaingia mdomoni wakicheka. Hajajibiwa. Amesema ataomba tena wiki ijayo, na inayofuata.

Gari la barafu linapiga honi. Sabhagi anavua glavu, ananawa mpaka kwenye viwiko, anaufunga mfuniko wa kasha na kuukalia ili ubane.

"Chupa ikisema kipo, mwezi ujao nitarudi," anasema. "Ikisema hakipo, nitarudi vilevile. Waambie wenye fagio walale tu."