Nilivyojisajili kwa Namba ya Kikundi

Jamani, kuna aibu ambazo mtu huzisimulia akicheka, lakini hii bado inanitoa jasho, ila bora muisikie kwangu kuliko kwa watu wa kijijini kwetu Kagoma.

Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana, na simu ya kikundi nakaa nayo wiki nzima, Jumapili baada ya misa naikabidhi kwa Ma Koku, mweka hazina wetu, naye husoma meseji zote kwa sauti mbele ya wanachama (tulikubaliana hivyo wenyewe, asiwepo wa kuficha taarifa ya msiba). Sasa Alhamisi moja nikakuta kwenye tovuti ya gazeti habari ya kuuza kibanja cha urithi, nami nilikuwa nimeanza kuwaza kuuza chetu, shamba la migomba lenye nyumba yetu, nihamie Bukoba mjini, na wazo hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata mama anayeishi humo, tena baba amezikwa humohumo kwenye migomba. Kubofya tu, naambiwa sisomi mpaka nijisajili: jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya simu. Nikaogopa, maana namba yangu wataipeleka wapi? Nikajiona mjanja, nikaweka ya kikundi (jina nikaandika langu, mwalimu mzima nidanganye kwenye fomu?), meseji ya uthibitisho ikaja, nikaifuta, nikasoma habari yangu mpaka mwisho.

Jumapili, Ma Koku akiwa katikati ya kusoma shukrani za wafiwa wa Rubya, simu ikalia mkononi mwake. Nikasema hayo ni matangazo tu, tuyaruke, akanitazama juu ya miwani, akanijibu kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu katibu, hapa haturuki kitu."

Akasoma taratibu, maana herufi zenyewe ndogo: "Ndugu Kamugisha, kwa kuwa umesoma Hatua za Kuuza Kibanja cha Urithi, tumekuchagulia pia Namna ya Kuhamisha Kaburi la Mzazi."

Mama alikuwa benchi la mbele. Nikaanza kueleza mambo ya tovuti na usajili, maneno hayashikani, na kila nilipoeleza nikazidi kujichimbia. Mama akangoja nimalize.

"Kwa hiyo watu wa gazeti umewaambia," akasema polepole, "mimi ukanificha."

Wazo la kuuza lilifia palepale. Siku hizi tovuti ikinidai namba naifunga, na jambo la kibanja naanzia jikoni kwa mama, ingawa mpaka leo nikishika simu tu, ananiuliza ninasoma nini.