Nyekundu Upande wa Kulia

Tarehe 14 Juni 2006, daktari wa bandari alitia saini kwenye cheti cha afya cha kijana aliyekuwa akimaliza chuo cha ubaharia, akithibitisha kwamba macho yake yanatambua rangi zote. Cheti kilisajiliwa, na mwenye haki ya kukiomba bado anaweza kukiona. Saini ni halali, muhuri ni halali. Kilichothibitishwa hakikuwa kweli.

Hakuna aliyekula hongo. Kipimo kilikuwa kitabu chenye kurasa za madoadoa ya rangi. Kwenye kila ukurasa madoa hujipanga yakawa namba, na mwenye macho mazima huisoma papo hapo. Wanafunzi walipanga foleni koridoni. Kila aliyetoka ndani aliwatajia wenzake namba alizoziona, na kabla foleni haijafika katikati zilishageuka wimbo, watu wanapiga makofi na kuitikia. Kwao ulikuwa mzaha wa kupitisha muda. Kijana huyu aliingia, akaona madoa matupu ukurasa baada ya ukurasa, akaufuata wimbo kimoyomoyo na kutaja namba kwa sauti. Daktari alimsifu kwa wepesi wake.

Hatofautishi nyekundu na kijani. Nyumbani ni kasoro ya kuchekesha: nyanya huzibonyeza badala ya kuzitazama, na soksi za watoto hupangwa na mama yao. Kwenye meli ni jambo jingine. Gizani baharini huioni meli ya mwenzako, unaona taa zake. Ubavu wa kulia hubeba taa ya kijani, wa kushoto nyekundu, na kwa rangi hiyo peke yake unajua anakuja kukukatisha njia au anakwenda zake.

Alijitafutia dawa mwenyewe. Usiku afisa wa zamu husimama na baharia mmoja anayeitwa mwangalizi, ambaye kazi yake ni kutazama nje. Alipopanda cheo, aliweka amri kwamba kila taa itangazwe kwa sauti, pamoja na rangi yake. “Nyekundu, kulia kwa pua!” “Kijani, kushoto, inasogea!” Zamu yake haikunyamaza, na mabaharia wakambandika jina la Redio. Manahodha walimpenda. Waliandika kwamba ni afisa makini, anayewafundisha vijana kazi. Kila miaka sita, cheti cha rangi kilipokwisha muda, alirudi kwa daktari yuleyule na kitabu kilekile. Hakuwahi kugusa hata boya.

Huenda angestaafu hivyo. Lakini mkewe, ambaye ni muuguzi, alipata kazi katika mji wa bandari wa nchi nyingine, kwenye hospitali kubwa iliyo ng'ambo ya ghuba ya mji huo, na akamwambia waziwazi kwamba watoto wamechoka kuwa na baba wa kwenye simu. Redio akashuka melini, akaifuata familia.

Cheti cha uafisa cha nchi moja hakikupi usukani katika nchi nyingine mpaka mamlaka ya huko ikitambue. Alipokuwa akisubiri, alipata kazi ya kulinda maegesho ya magari ya duka moja kubwa. Alivaa koti lenye mistari inayong'aa na filimbi shingoni. Mlinzi mwenzake, aliyekuwa anajua habari zake, hakumwacha apumue.

“Nahodha, hili lori tulitie nanga wapi?”

“Litie mdomoni kwako, labda utanyamaza.”

“Aisee! Nahodha kakasirika, tutazama leo.”

Alicheka pamoja naye, kisha akaenda nyuma ya matangi ya maji akakaa peke yake. Alikuwa ameshika meli zenye urefu wa kutosha kujaza maegesho yale yote, na sasa kazi yake ilikuwa kuwaonyesha watu mahali pa kuegesha vigari vyao.

Kwenye ofisi ya mamlaka alishughulikiwa na karani mmoja mwanamke, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo, ambaye hakuamini kitu kwa kukitazama mara moja. Alipiga simu chuoni. Aliandika kwa mamlaka ya nchi aliyotoka, na jibu lilipokuja aliandika tena kuuliza kama aliyejibu ana madaraka ya kujibu. Alimfanyisha mtihani wa sheria za bahari za pale.

“Muhuri wa meli hii umekaa kama umepigwa na mtu anayekimbia,” alisema siku moja.

“Dada yangu, bahari ilikuwa chafu siku hiyo.”

“Na hii saini?”

“Ndiyo bahari hiyohiyo.”

Karani alitabasamu kidogo, kisha akarudisha uso wake wa kazi. “Usinione nasumbua, kaka. Huku watu wanazama. Mtu akipewa chombo hapa, mimi nataka kulala usingizi wangu.”

Redio aliitikia kwa kichwa. Akamshukuru.

Kilichobaki kilikuwa daktari. Kwenye kliniki iliyoteuliwa, kitabu cha madoa kilikuwa kimechakaa, na kurasa zake zilikuwa zimechanwa zikawekwa moja moja ndani ya boksi. Daktari, mzee mwenye mikono iliyonuka sabuni, alizichanganya kama karata kabla ya kumwonyesha.

Wimbo haukusaidia kitu. Redio alitaja namba. Akataja nyingine. Daktari akarudisha karatasi, akaitoa tena.

“Macho yamechoka, afisa?”

“Nimetoka zamu, dokta. Sijalala vizuri.”

Daktari alieleza kwamba anayejikwaa kwenye karatasi hupelekwa chumba cha giza, akaonyeshwa taa ndogondogo za kweli kwa mashine maalumu, na hapo hakuna kubahatisha. Tatizo ni kwamba mashine ilikuwa imepelekwa kutengenezwa na haikuwa imerudi. Alifungua faili la Redio, akasoma sifa alizoandikiwa na manahodha, akasoma tena cheti cha rangi cha nchi aliyotoka.

“Hiki bado kiko hai,” alisema. “Utaratibu unaniruhusu kukikubali. Na kwa miaka yote hii baharini, ungekuwa huoni si ungeshaua watu?”

Daktari alicheka. Redio naye akacheka.

Kampuni ya kivuko kinachovusha watu kwenye ghuba ilikuwa inamsubiri yeye tu. Wakati kibali kikisubiri saini ya mwisho, ilimwita asafiri kama mtazamaji, aizoee njia. Jioni hiyo jua lilikuwa limeshazama. Chini, abiria walikuwa wamejaa mabenchi: wanafunzi, mafundi na masanduku yao, wanawake wanaotoka kazini wamevua viatu. Juu, kwenye chumba cha usukani, kulikuwa na kimya cha msikitini.

Nahodha wa kivuko, mtu mfupi aliyekuwa kapita njia ile nusu ya umri wake, alimpa mkono na kumwambia sheria ya nyumba. “Humu haongei mtu isipokuwa meli inawaka moto. Makelele yanaua akili.”

Mwangalizi wa pale aliitwa Kidevu, kwa sababu alikuwa haonyeshi kitu kwa kidole wala kwa neno. Taa ikitokea, alinyanyua kidevu kuelekea huko, nahodha akatikisa kichwa, basi. Redio alivumilia taa ya kwanza na ya pili. Ya tatu ilipotokea, chini, upande wa kulia wa pua ya kivuko, alimsogelea Kidevu akamnong'oneza.

“Rangi gani ile?”

Kidevu alimtazama kama mtu aliyeombwa amfunge mwenzake kamba za viatu. “Afisa, leo macho umeyaacha nyumbani?”

“Nataka kusikia kwako.”

“Mimi nikwambie wewe taa? Utasema nimekuvunjia heshima.”

Nahodha aligeuza shingo mara moja, na wote wawili wakanyamaza.

Redio akaikodolea macho ile taa. Ilikuwa hafifu, ya rangi ya chai iliyopoa, kama taa zote za aina hiyo zilivyokuwa kwake siku zote. Aliamua ni kijani. Kijani upande wa kulia ni mtu anayekwenda zake. Unashika njia yako, huna la kufanya. Moyoni alishika njia yake.

Nahodha alipunguza mwendo, akakata usukani kulia. Muda mfupi baadaye, mbele yao kabisa, pale ambapo kivuko kingekuwa, lilipita tagi, boti la kukokota vyombo, likivuta tishari refu lililosheheni mchanga, jeusi, halina taa ya maana, na waya wa kuvutia umekaza juu ya maji. Taa ile ilikuwa ya tagi hilo, na ilikuwa nyekundu. Upepo wa injini yake uliingia dirishani. Chini abiria mmoja alicheka kwa sauti kwa jambo lake mwenyewe.

“Uliiona mapema?” nahodha aliuliza, akivunja sheria yake.

“Niliiona, nahodha.”

“Vizuri. Ijumaa naanza likizo. Kibali chako kikitoka, safari za jioni ni zako.”

Kivuko kilipofunga gatini, Redio alimvuta Kidevu pembeni na kumwomba jambo moja: zamu zao zitakapoanza, atangaze kila taa kwa sauti. Kidevu alikuna shingo. Alisema kwa adabu zote kwamba nahodha akirudi akute watu wanapayuka humo ndani, yeye ndiye atakayemwaga unga, siyo afisa. Akaongeza kwamba afisa asiogope, njia ni fupi, ataizoea.

Nyumbani, mkewe alikuwa anapiga pasi sare yake ya hospitali. Redio alimweleza habari njema zote: Ijumaa, mshahara, koti la mistari atakalolirudisha. Akataja kwa kupitia tu kwamba hata daktari alikuwa mtu mwema, maana mashine ya taa ilikuwa mbovu na bado alimpitisha.

Pasi ilisimama.

“Mashine ya taa gani, baba watoto?”

“Ya rangi. Mambo yao tu.”

Alichomoa pasi kwenye umeme, akaisimamisha. Miaka yote alijua mumewe haoni rangi za soksi, na miaka yote aliamini kwamba watu wa meli wanalijua hilo na wamepima wakaona si kitu. Alikwenda dirishani, akafungua pazia. Kutoka ghorofa yao bandari ilionekana yote.

“Njoo. Ile taa juu ya winchi, rangi gani?”

“Mke wangu, acha utoto.”

“Rangi gani?”

Alitazama. “Kijani.”

“Ile iliyo chini yake?”

Alichelewa kidogo. “Nyekundu.”

“Zote mbili nyekundu.”

Sauti yake haikupanda. Ilikuwa ileile anayoitumia kwa ndugu za mgonjwa. Redio alijitetea: rada ipo, njia ni fupi, miaka yote ile hajagonga hata ngalawa. Hakusema lolote kuhusu tishari. Kisha akalisema, kwa sababu alikuwa amemtazama na mkewe alikuwa hapepesi macho.

“Kesho nenda kwa daktari ukamwambie,” mkewe alisema.

“Nikimwambia, kibali hakitoki. Na huku wataandika kwetu, na kwetu watanifutia. Nitakuwa na filimbi mpaka nizeeke.”

“Utakuwa na filimbi na watu watakuwa hai.”

“Rahisi kusema wewe, unayevaa sare yako kila siku.”

Hilo lilimchoma. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani. Baadaye alisema, “Ungekuwa mgonjwa wangu, ningeshampigia simu mwajiri wako. Wewe ni mume wangu. Sitakusemea. Lakini mimi navuka na kivuko hicho, unajua. Sitazunguka na basi ili wewe upate nafasi ya kujidanganya kwamba chini hakuna mtu unayemjua.”

Siku zilizofuata waliongea mambo ya watoto na ya gesi. Mara mbili Redio alifika mpaka kwenye ngazi za kliniki. Mara ya pili alipanda, akamkuta mhudumu wa mapokezi, akaulizwa shida yake, akasema anauliza kama mashine imerudi. Haikuwa imerudi. Alishukuru akaondoka.

Alhamisi karani alimpigia simu yeye mwenyewe. Kila karatasi imehakikiwa, alisema, hajawahi kushika faili safi kama lile. Kibali kimesainiwa, na nakala imetumwa kwa kampuni. “Hongera, kaka. Sasa na mimi nitalala.”

Redio alirudisha koti na filimbi. Mlinzi mwenzake alimpigia saluti kwa mkono wa kushoto na kumwambia asiwasahau watu wa nchi kavu.

Kesho yake, Ijumaa, kivuko cha jioni kitang'oa nanga giza likishaingia, Redio akiwa na usukani na Kidevu pembeni yake. Nahodha ameshaanza likizo. Mke wa Redio ana zamu ya usiku ng'ambo. Amekata tiketi, na atakaa benchi la mbele.