Cheche na Mwanga Usiochoma

Shemeji yangu ni fundi wa kuchomelea mageti, na mtaa mzima unamwita Cheche. Jina limemkaa. Hasira zake huwaka na kuzimika kabla hujajua umemkosea nini, na hana fulana hata moja isiyo na matundu. Karakana yake iko ubavuni mwa nyumba. Kila anapotaka kuanza kuchomelea hupaza sauti, "Macho!" Basi aliye karibu hugeuka, awe mteja, awe mpita njia, awe mimi na beseni langu la nguo. Mwanga ule hauna adabu. Ukiutazama, jioni macho yanawasha kama yametiwa mchanga.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Naishi nao, na nalala kitanda kimoja na binti yao wa miaka saba, tunayemwita Chiriku kwa sababu hajui kunyamaza. Shida ni kwamba hata akilala hanyamazi. Husaga meno. Jamani, si mchezo! Ungedhani kuna mtu anaburuta meza juu ya saruji. Tulimpa dawa ya minyoo, wapi! Mwanzoni nilikuwa nikimtania. Kisha asubuhi zikaanza kuja na kilio: kichwa kinagonga, taya limekaza, mkate hautafuniki mpaka aloweke kwenye chai. Magego yalikuwa yamelika juu yakawa bapa. Mwisho mtoto akaanza kuogopa usingizi wenyewe. Ananishika mkono, "Mama mdogo, usiniache nisinzie." Hapo utani uliniisha.

Dada akampeleka kwa daktari wa meno, mama mmoja mpole asiye na haraka, aliyesema watoto wengi huacha wenyewe wakikua, lakini huyu anaumia, na kifaa cha kuvaa mdomoni hakimfai kwa sasa maana meno bado yanabadilika. Akashauri wajaribu tiba ya mwanga. Kuna kifaa kama kalamu nene, huwekwa mashavuni ili misuli ya taya ilegee. "Siwaahidi miujiza," alisema. "Utafiti wake bado mchanga. Ila hakiumi, na kisiposaidia tutaacha. Atavaa tu miwani ya kukinga macho."

Dada aliporudi na habari hiyo, Cheche aliacha kijiko sahanini.

"Mwanga wa kuvalia miwani?"

"Ndiyo, baba Chiriku."

"Usoni kwa mwanangu?"

"Mashavuni."

"Haendi!"

Lo, mtu yule ni mbishi! Dada alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Mimi nilimwambia wazi, "Shemeji, wewe shika mageti, meno waachie wenye kazi yao." Akanijibu kwamba mwanga anaujua yeye, amekula nao tangu hajaota ndevu, na mwanga usiodhuru hauhitaji miwani. Kwa mambo ya karakanani, hakukosea. Lakini vilio vya asubuhi havikukoma. Siku mwalimu alipomrudisha Chiriku nyumbani kwa kusinzia juu ya dawati, Cheche alimtazama mwanawe, akashusha pumzi. "Haya. Lakini nampeleka mwenyewe."

Nikafuatana nao. Naapa, alikwenda na kinyago chake cha kuchomelea kwapani! Tumeketi kwenye viti vya plastiki, watoto wa watu wanamkodolea macho. Nilitamani sakafu ipasuke nizame.

Daktari alikitazama kinyago, hakucheka. Akauliza, "Baba, unaogopa nini hasa?"

Ndipo Cheche akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Chiriku alipokuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, aliingia karakanani bila yeye kujua, akasimama nyuma ya geti akishangaa mwanga. Jioni macho yakavimba, mtoto akalia kwamba haoni. Yalipona, lakini baba hakupona. "Siku ile sikusema 'Macho,'" alisema. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nami nilikuwa nikimwita mbishi. Nilimwonea huruma mpaka nikakosa pa kutazama.

"Basi tuanze na wewe," daktari akasema.

Tukavaa miwani sote. Akamwekea kile kifaa kiganjani.

"Mkono huo unashika chuma cha moto," nikadakia. "Utasikia nini?"

"Kweli, shemeji," Cheche akakubali, mara ya kwanza maishani. Daktari akahamia shavuni. Fundi wetu akakunja uso kama anayesubiri kofi. Kikapita kitambo.

"Mbona huwashi?"

"Nimeshawasha, na nimeshazima."

Akajipapasa shavu, akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemwibia maumivu yake. Chiriku akapanda kitini, miwani imemfunika nusu ya uso. Daktari alipotaka kuwasha, mtoto akapiga ukelele, "Macho!" Baba yake akageukia ukutani mzima mzima, kwa mazoea. Tulicheka hadi daktari ikabidi asubiri.

Walirudi wiki baada ya wiki. Mwanzoni sikuona tofauti. Taratibu meza ile ikawa inaburutwa kidogo tu, kisha mara mojamoja, na vilio vya asubuhi vikakoma.

Jumapili moja alasiri Chiriku alilala bila kushikwa mkono. Mteja alikuja kudai geti lake, Cheche akajiwekea kidole mdomoni: "Kesho. Mtoto amelala." Akakaa chini ya dirisha la chumba, upande wa karakana, anasikiliza. Mimi nachambua mboga barazani. Kimya. Halafu tukasikia: kru, kru, kru.

Rangi ilimtoka usoni. "Yamerudi," akasema, akakimbilia ndani, nami nyuma yake.

Chiriku alikuwa ameketi kitandani, macho makavu, mkononi ana karoti mbichi aliyoichomoa jikoni. Aliitafuna kwa magego, upande huu, kisha upande ule.

"Baba, hayaumi. Onja, tamu!"

Cheche akaimega, akatafuna. Kisha akarudi karakanani, akavaa kinyago, akaita "Macho!" kwa sauti iliyougeuza mtaa mzima. Nami niligeuka haraka kuliko wote, maana nilikuwa nalia na sikutaka shemeji anione.