Mwenzangu Mnene Aliyeitwa "Slim"

Mwenzangu, mama wa Kikongo ninayefanya naye kazi katika nyumba ya wazee huku ughaibuni, Quakers Hill, alimvisha soksi mzee wa Kiholanzi bila kumuumiza mguu uliovimba. Mzee huyo ameanza kusahau Kiingereza, anarudia lugha ya kwao. Alimgusa mwenzangu mkono akasema, "Slim."

Mwenzangu ana mwili wa kutosha, na anajua slim kwa Kiingereza ni mwembamba. Alitoka chumbani amenuna.

"Dada, mzee ananicheka. Naenda kwa meneja anibadilishie chumba."

Nilimwomba asubiri, nikampigia binti wa mzee. Akatueleza kuwa kwa Kiholanzi slim ni mwerevu. Waingereza waliliazima neno, wakalikondesha.

Tulirudi kumshukuru mzee, tukamkuta na jirani yake, bibi wa Kijerumani. Tulipomsimulia, alitikisa kichwa.

"Kwetu schlimm ni mbaya."

Mwenzangu alishika kiuno, akafikiri. "Mimi nachukua maana ya Kiholanzi," akasema.

Kisa kilimfikia meneja, naye akatuandikisha sisi wawili darasa la Kiingereza. Mholanzi na Mjerumani hawakuandikishwa.